Kifusi Ndani ya Nguzo

Harthwaite, 4 Oktoba 1868

Mdogo wangu Amos,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Selminster. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua tangu baridi ianze, na masikio yake sasa yamekataa kabisa. Mbwa akibweka pembeni yake hageuki. Kila jioni ananiuliza kama umekula. Ninamwandikia kwa kidole kwenye kiganja chake: amekula. Anaridhika. Kondoo wameshushwa kutoka mlimani, na jirani ametuletea mguu mmoja, tumeutia chumvi.

Koti la shemeji yako Reuben bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Najua ulisema nimpe mtu mwenye shida nalo. Jana nililikung'uta, na bado linatoa vumbi jeupe la mawe, ingawa mwenyewe tumemzika tangu Machi. Sijui vumbi lote hilo lilikuwa limejificha wapi. Nikalirudisha msumarini.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Mwalimu wa shule, ambaye husoma magazeti, ameniambia kwamba kazi ya kanisa kuu la Selminster imeingia ndani, chini ya mnara. Wewe baada ya mazishi ulisimama kwenye mlango huu ukasema utakuwa uani, unachonga mawe bandani, na juu yako hakuna kitu kizito kuliko bati. Sikukuapisha, maana wewe ni mtu mzima. Ila niambie: ukifanya kazi, unasimama wapi? Juu yako kuna nini?

Usinifiche kwa kunihurumia. Reuben alikwenda mara moja. Ukuta wa kanisa ulipomwangukia hakujua kitu, nimekwisha kukuambia. Nimezoea kuishi na hilo. Sitaki kujifunza jingine.

Dada yako,
Keziah


Selminster, 18 Oktoba 1868

Dada Keziah,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mwambie nimekula, na leo si uongo: nyama ya nguruwe, kabichi, na bia ya hapa ambayo ina ladha ya maji yaliyooshea pipa. Chumbani nalala na mwashi mmoja wa pwani ya kusini, Jabez Tuck, mtu mkubwa mwenye mdomo mkubwa kuliko yeye. Anakoroma mpaka mwenye nyumba amegonga dari kwa ufagio.

Umeuliza nasimama wapi. Nasimama mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kufanya kazi, na nitakueleza ili utulie.

Kanisa hili si la mtu mmoja. Wale waliokuja na Mfalme William kutoka ng'ambo ndio waliosimamisha nguzo nne za katikati, nene kama vibanda. Wajukuu wa wajukuu wao wakaona haitoshi, wakaweka mnara juu yake. Wakaja wengine, wakaona mnara ni mfupi, wakaongeza ncha ya mawe iliyochongoka ambayo mabaharia wanaiona kutoka mbali. Kila kizazi kiliweka mzigo wake kikafa, na nguzo zikabaki palepale zikibeba.

Kati ya zile nguzo palikuwa na ukuta wa mawe wenye mlango mdogo. Waliujenga watawa, wapate kuimba upande wao bila kutazamwa na watu wa mji. Watawa walifukuzwa zamani, enzi za Mfalme Henry, ila ukuta haukufukuzwa. Watu wamelalamika miaka nenda rudi kwamba wanakaa ibadani kama wako nyuma ya ghala: wanasikia nyimbo, hawaoni waimbaji. Basi mji mzima ulichanga, Bwana Lovibond, mchoraji wa majengo, akachora, na sisi tukauvunja.

Ungeona siku tuliyoondoa jiwe la mwisho! Ukisimama mlango wa magharibi unaona mpaka madhabahuni, na dirisha la mashariki linawaka lote. Akina mama walilia. Mkuu wa kanisa alitushika mikono, sisi wachafu vile. Jabez akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Haya, watu wa Selminster! Siku zote mlikuwa mnamchungulia Mungu kwenye tundu la ufunguo!" Hata Mkuu wa kanisa alicheka.

Kwa hiyo ndiyo, niko ndani. Kuna nyufa kidogo kwenye nguzo mbili, pale ukuta ulipokuwa umezishika. Tumebandika vipande vya kioo juu yake, na kimoja kimekatika. Ni kawaida. Jengo likiguswa hujinyoosha kidogo.

Koti la Reuben liache lilipo, kama linakutuliza.

Mdogo wako,
Amos


Harthwaite, 8 Novemba 1868

Mdogo wangu Amos,

Mama ameanza kunywa supu vizuri na anakusalimu. Mvua imechukua daraja dogo, kwa hiyo posta inazunguka.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kwenye madhabahu na akina mama waliolia nilifurahi nawe. Nilipofika kwenye kioo niliketi.

Reuben alipotengeneza lile ghala la kanisa la juu, alibandika kioo kwenye ufa kwa plasta, ncha moja upande huu na ncha nyingine upande ule. Kila asubuhi alikwenda kukitazama kabla hata ya chai, chai ikipoa nami nikinung'unika. Siku moja nikamuuliza, kwa nini kioo na si ubao? Akaniambia, "Ubao unavumilia, Kezi. Kioo hakijui kuvumilia, ndiyo maana hakidanganyi." Kile chake hakikukatika, naye alikuwa anakipangusa kama kikombe cha harusi.

Kwa hiyo usiniambie ni kawaida. Kimekatika kimoja, au sasa ni vingi? Mmebandika vingine? Na kile ulichokiita kujinyoosha, kimekwisha?

Safari hii usinijibu kuhusu kabichi.

Dada yako,
Keziah


Selminster, 6 Desemba 1868

Dada Keziah,

Nisamehe kuchelewa. Nilianza kuandika mara kadhaa nikachana.

Mimi mzima. Soksi zimefika, asante. Jabez anazionea wivu, anasema miguu yake ni yatima.

Vioo vyote vimekatika. Tulibandika vingine, navyo vimekatika. Sasa hatubandiki tena.

Bwana Lovibond alituamuru tutoe jiwe moja kwenye nguzo ya kaskazini, tutazame ndani. Nilitoa mimi. Dada, ndani hakuna jiwe. Wale wa kale walijenga ngozi ya mawe mazuri yaliyochongwa, nene kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, kisha tumbo lote wakalijaza chochote kilichokuwa karibu: kokoto, mabonge ya udongo, chokaa ambayo sasa imekuwa unga. Nilipoingiza mkono ulizama mpaka begani. Unga ukaanza kumiminika juu ya viatu vyangu kama nafaka kwenye gunia lililotobolewa. Haukukoma. Jabez akavua kofia yake akaishindilia kwenye lile tundu, nami nikarudisha jiwe juu yake. Kofia iko mle mpaka leo. Anasema akifa bila kofia, Mungu ataelewa iko wapi.

Kati ya mawe tulikuta maganda ya chaza, yamewekwa kusawazisha, kama sisi tunavyoweka vipande vya vigae. Watu walikula mchana, wakachukua ganda, wakaliingiza ukutani na kuendelea na kazi. Waliokula chaza hao wamesahaulika kabisa, na chakula chao kinabeba mnara.

Na ule ukuta wa watawa, tuliouvunja watu wakashangilia, sasa tunafahamu ulikuwa unafanya nini. Haukuwa wa kuzuia macho tu. Nguzo zilikuwa zimeuegemea. Hakuna aliyejua, si Bwana Lovibond, si sisi, si Mkuu wa kanisa. Kwetu sote ulikuwa ukuta unaoziba.

Utaniambia nirudi nyumbani. Upande wa mashariki, chini kabisa ya mnara, kuna nyumba ndogo za sadaka wanamokaa wajane wazee, na hawataki kuondoka. Nilitumwa kuwabembeleza. Mmoja, Bi Pym, ambaye hata mlango hakuufungua wote, aliniambia, "Kijana, huo mnara umenijua tangu nabatizwa. Ukitaka kunijia, unajua ninapokaa." Nikamwambia, mama, ndiyo hiyo shida yenyewe, mnara unajua. Akanifungia.

Basi tunaegemeza magogo makubwa ya mwaloni kila upande na kugonga kabari chini yake, ili mnara ukishuka ushuke wima, usiwalalie wale wazee. Kabari zinataka mtu anayejua kuzigonga kidogokidogo. Mimi najua. Reuben ndiye aliyenifundisha.

Amos


Harthwaite, 15 Desemba 1868

Mdogo wangu Amos,

Ninaandika haraka, mchukua barua yuko mlangoni anapiga miguu kwa baridi.

Asante kwa kuniambia. Nilitaka ukweli na nimeupata, na sasa sijui niuweke wapi. Nikifagia nasikia unga ukimiminika.

Njoo Krismasi. Siku chache tu. Wajane wale na wasogezwe na jamaa zao, na kabari azigonge mwingine. Nimemwandikia Mama kiganjani kwamba unakuja, ameanza kuuliza ni lini tuoke mkate wa zabibu. Usinifanye mwongo mbele yake.

Keziah


Selminster, 2 Januari 1869

Dada Keziah,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Nisamehe kwa Krismasi. Mwambie Mama barafu, mwambie treni, mwambie chochote.

Nitakuandikia kama ilivyo, kwa sababu hapa hatusemi, na isiposemwa mahali itanitoka mdomoni juu ya jukwaa.

Naogopa, dada. Jiwe likielemewa kupita kiasi linatema. Vipande vyembamba vinaruka vyenyewe kutoka kwenye nguzo, vikilia kama chumvi iliyomwagwa motoni. Unafanya kazi, unasikia tss nyuma ya sikio, unageuka, huoni kitu ila vumbi linatelemka. Kabari ninazogonga asubuhi, mchana zimebanwa hata kucha haiingii. Magogo ya mwaloni yanapinda kama upinde. Nimejizoeza kuweka sikio kwenye nguzo kabla ya kuanza. Jabez ananicheka.

"Mkunga huyo! Haya, mtoto amekaaje?"

"Amekaa vibaya."

"Basi mwambie asitoke kabla ya chakula cha mchana, leo kuna jibini."

Wenzetu wanacheka, kisha wananitazama machoni kuona kama na mimi nimecheka. Bwana Lovibond anaingia nasi kila siku. Hana haja ya kuingia, angeweza kutazama kutoka mlangoni. Amekonda, koti linamning'inia. Anashika nguzo kwa viganja vyote viwili na kusimama tu, kama anayempima mgonjwa homa.

Nikuambie kinachonisaidia. Ni Reuben. Kila asubuhi nikipita chini ya tao lililo kati ya nguzo najiambia: hakujua kitu. Unapulizwa kama mshumaa, basi, kumekwisha. Nilimwambia Jabez, naye akawaambia wengine, na sasa ni neno letu sote. Jioni tukinywa tunagonga vikombe na kusema, "Kama Reuben!" Watu waliokuwa wanataka kuondoka wamebaki kwa sababu hiyo. Mmoja wao ana watoto wadogo. Alisema, kama ni haraka vile, si kitu, hata mkokoteni unaweza kumwua mtu barabarani.

Ila juzi mmoja aliuliza, "Amos, wewe ulikuwepo?" Nikasema sikuwepo, dada yangu alikuwepo. Kwa hiyo nakuomba hili tu: niandikie tena, kwa mkono wako, kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nipate kuwaonyesha.

Amos


Harthwaite, 8 Januari 1869

Mdogo wangu Amos,

Mama ni mzima. Ninaanza na hilo usije ukadhani jingine.

Siwezi kukuandikia ulichoniomba. Nimekaa na karatasi hii tangu chai ya asubuhi.

Reuben hakwenda mara moja.

Ukuta ulianguka watu wakiwa wamekwisha kula cha asubuhi. Walipokuja kuniita nilikuwa nafua, na nilikimbia na sabuni mikononi. Nilipofika niliona lundo la mawe na wanaume wamelizunguka, na wote walikuwa kimya, kwa sababu alikuwa anasema. Sauti yake ilitoka chini, ya kawaida kabisa, kama anaongea kutoka chumba cha pili. Alikuwa anawaambia jiwe lipi waanze kutoa na lipi wasiguse.

Mawe mawili yalikuwa yameacha uwazi. Nililala chini nikapitisha mkono, nikapata vidole vyake. Uso sikuuona hata mara moja. Akasema, "Kezi, mikono yako imelowa." Nikamwambia nilikuwa nafua. Akauliza kama nimefungia kuku. Akaniuliza habari ya Mama. Vumbi lilikuwa likimwangukia usoni, naye hakuona, akaniuliza, "Mvua imeanza?" Nikamwambia ndiyo, imeanza, manyunyu tu. Akasema basi ardhi itakuwa laini.

Waliinua mawe kwa mitaimbo na kamba, na kila walipoinua moja, jingine lilikaa vizuri zaidi juu yake. Alikuwa anawaambia wasiharakishe. Mpaka mchana alinijibu kwa maneno. Alasiri alinijibu kwa vidole. Walipomfikia jioni hakukuwa na haja tena.

Wewe ulifika siku ya tatu, umechoka na safari, ukaniuliza kama aliteseka. Ulikuwa na vifaa vyako vya kazi mgongoni, na baada ya mazishi ulikuwa unarudi kwenye mawe. Nikasema hakujua kitu. Nilitaka uweze kushika nyundo. Sikufikiri kwamba utachukua neno langu ukaliegemeza chini ya mnara, na kuwaita watu wengine waje wasimame chini yake.

Waonyeshe barua hii badala ya ile. Huyo mwenye watoto msomee yeye kwanza. Mwambie kuna mwanamke atakayelala chini amepitisha mkono kati ya mawe, na atasema mvua imeanza.

Sikuamuru. Nimekuambia tu.

12 Januari. Theluji imeshuka, posta haikupanda. Barua iko mezani.

17 Januari. Bado. Mlango unafunguka nusu tu. Kila nikipika naiona pale, nami nashindwa kuigeuza uso chini.

22 Januari. Wanasema njia ya bonde inapitika kwa miguu. Jirani atakaa na Mama. Nimevaa koti la Reuben, nashuka nayo mwenyewe mpaka kituo cha treni. Mungu aifikishe.

Keziah


Selminster, 30 Januari 1869

Dada Keziah,

Mimi ni mzima, na wenzangu wote ni wazima. Naanza kama ulivyoanza.

Barua yako ilifika Jumatatu asubuhi, tukiwa mezani. Nilisoma mstari wa tatu nikainuka nikatoka. Jabez akapiga kelele, "Soma kwa sauti, bwana! Ndiyo ile ya Reuben?" Nikaitia ndani ya shati.

Upepo wa baharini ulikuwa umevuma tangu Jumamosi. Ndani, nguzo ya kaskazini ilikuwa imetoa tumbo kama pipa, na ile miti ya mwaloni ilikuwa inalia, si mmoja mmoja tena, yote kwa pamoja. Bwana Lovibond alikuwepo. Watu walishika nyundo, wakaningoja mimi. Mmoja akasema, "Haya, lete neno la dada yako, tuanze kazi."

Nikasoma. Sikumsomea mwenye watoto peke yake kama ulivyotaka. Nisingeweza kuisoma mara mbili. Nilisoma yote, kuku, mvua, vidole. Nilipomaliza niliikunja. Vipande viliendelea kuruka, tss, tss.

Jabez akauliza, "Mpaka jioni?"

"Mpaka jioni."

Akalaza nyundo yake chini polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Bwana Lovibond akavua kofia. Akasema, "Nimengoja siku nyingi mmoja wenu aseme. Mimi nilishindwa, maana ni mimi niliyeuchora ule ukuta uondoke. Tokeni. Tokeni wote, acheni vifaa."

Nilimwambia wajane bado wapo. Akasema, basi vifaa vyenu leo ni wajane. Tukaenda wote. Safari hii hatukubembeleza. Tuliwabeba, na blanketi zao na birika zao, mpaka nyumba ya shule upande wa pili wa uwanja. Bi Pym alikataa kusimama, kwa hiyo Jabez alimwinua pamoja na kiti.

"Kijana, kama unanibeba nibebe vizuri! Mimi si gunia la chokaa."

"Gunia la chokaa halinifinyi sikio, mama."

"Na hiyo kofia yako iko wapi, unatembea kichwa wazi kama mwizi?"

"Imeshika mnara."

"Basi tumekwisha," akasema Bi Pym.

Tulikaa nje kwenye majani, mvuani. Siku hiyo mnara haukuanguka. Usiku nililala nikijiuliza kama nimewatia watu hofu bure, na kama mnara utaegemea mashariki kwa sababu niliacha kugonga kabari. Kesho yake, karibu na mchana, mtu alisema, "Tazameni ile ncha." Tukatazama. Haikuanguka, dada. Iliketi. Ilishuka wima, taratibu, kama mzee anayejishusha kitini, ikaingia ndani ya paa mpaka ikapotea, na mbingu ikabaki wazi mahali ambapo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona mbingu. Mngurumo ulikuja baadaye. Halafu vumbi, mpaka sikuona mkono wangu. Nilimsikia Bwana Lovibond karibu nami akihesabu majina yetu, na kila mtu akijibu, na alipomaliza akaanza upya.

Pale nilipokuwa nikisimama na kabari zangu sasa pana lundo refu kuliko nyumba ya mwalimu, na ile mialoni imetapakaa kama njiti. Nyumba ya Bi Pym imepoteza dohani tu. Anadai tuijenge kabla ya Ijumaa.

Yule mwenye watoto alinishika mkono asiuachie. Sasa jioni hatugongi vikombe.

Siku ile nzima sikujua kama nikulaumu au nikushukuru. Nimemlilia Reuben upya, mara hii nikiwa namjua. Ulipomwambia kwamba mvua imeanza, ulifanya vema. Uliponiambia mimi kwamba hakujua kitu, sitakuhukumu pia. Nilikuwa nimekuuliza nikitaka jibu lile.

Nimeanza kuogopa dari. Nakula nje. Jana jioni nilikaa kanisani kwa Wamethodisti, kanisa dogo la matofali, na mahubiri yote nilikuwa natazama juu. Mwenye nyumba ananiwekea godoro karibu na mlango, bila kuniuliza sababu.

Najua unataka nirudi. Nitarudi Pasaka, na safari hii unaweza kumwandikia Mama kiganjani, haitakuwa uongo. Lakini juu ya lundo yamebaki mabega ya yale matao manne yaliyobeba mnara, yananing'inia, na yasiposhushwa yataua watu watakaokuja kuzoa mawe. Bwana Lovibond ameniomba nisimamie. Nimemwambia nakubali kwa sharti moja: tunashusha kutoka juu, tumefungwa kamba kwenye ukuta uliobaki imara, na hakuna mtu kusimama chini, hata Mkuu wa kanisa, hata kwa kuomba. Amekubali. Jabez anakuja nami, ingawa anasema ni kwa ajili ya kutafuta kofia.

Wangeweza kumpata mwingine. Ila huyo mwingine anaweza kuwa anaamini bado kwamba ni kama mshumaa.

Naogopa kuliko nilivyoogopa chini, dada. Siombi uniandikie kwamba hakuna hatari, wala kwamba mambo yatakwenda salama. Tunapanda Jumatatu, tarehe nane Februari, saa moja asubuhi. Utakapokuwa unawasha jiko, unikumbuke.

Mdogo wako,
Amos